Nimebakiza sigara za garini tu. Nifanyeje?

Swali: Nimevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka 17. Miezi miwili iliyopita nilianza kupunguza. Nyumbani sivuti tena, kazini sivuti tena. Zimebaki za garini: mbili asubuhi na tatu jioni, na hizo zimenishinda. Nikishawasha gari mkono unakwenda wenyewe. Watoto wakiwemo sivuti kabisa, lakini nikiwa peke yangu siwezi kufika. Mke wangu anashauri niliache gari kwa muda. Rafiki yangu anasema sigara tano si kitu, zitaisha zenyewe. Mwezi ujao nina safari ya mwendo wa saa saba, peke yangu, na ninaiogopa. Je, zipo dawa anazoweza kutumia dereva?

Jibu:

Ndugu yangu, katika barua yako kuna jambo umelitaja kwa haraka na kulipita, nami nataka tuanzie hapo hapo: watoto wakiwemo huvuti kabisa. Barabara ni ile ile, foleni ile ile, usukani ule ule, na mwili wako ni ule ule unaodai nikotini. Lakini unafika. Bila shaka hata hamu yenyewe siku hizo haikusumbui kama unapokuwa peke yako.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2010 Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wahudumu wa ndege wanaovuta sigara. Walipima hamu yao katika safari fupi, za saa 3 hadi 5 na nusu, na katika safari ndefu, za saa 8 hadi 13. Ndani ya ndege hakuna anayevuta. Kama hamu ingekuwa inapanda kwa sababu tu nikotini inapungua mwilini, basi mtu aliyekaa saa nne bila sigara angejisikia vile vile katika safari zote mbili. Haikuwa hivyo. Hamu ilipanda kadiri ndege ilivyokaribia kutua, iwe safari fupi au ndefu. Waliokuwa wanakaribia kushuka katika safari fupi walitamani sigara kuliko walivyoitamani muda ule ule wakiwa katikati ya safari ndefu.

Maana yake kwako ni kwamba hamu ya garini inafuata ruhusa. Watoto wakiwemo, suala limefungwa na hakuna mjadala kichwani. Ukiwa peke yako mjadala unafunguka tangu unapoifuata funguo: leo nivute? Nivute moja tu? Nianze kabla ya makutano au baada yake? Mjadala huo ndio unaokuchosha, na ndio unaokushinda. Kazi yetu kubwa ni kuufunga.

Lakini kwanza niseme kwa nini sigara za garini zimekuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu nadhani umezipanga kinyume. Uliacha za nyumbani, ukaacha za kazini, gari ukalibakiza kama kimbilio la mwisho. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na ubongo huifungamanisha faraja hiyo na kila kilichokuwa karibu wakati huo: mlio wa injini, mkanda, dirisha lililoshushwa kidogo, taa nyekundu. Kwa miaka 17 vitu hivyo vilikuwa na washirika wengi, kama kikombe cha chai, kiti cha nyumbani na mapumziko ya kazini. Sasa umewaondoa washirika wote, na kungoja kwa siku nzima kumeelekezwa mahali pamoja.

Halafu ongeza hesabu ya mwili. Nikotini hupungua kwa nusu katika damu kila baada ya saa mbili hivi. Ukivuta asubuhi na kukaa kazini saa nane, jioni imebaki kiasi kidogo sana. Unaingia garini tayari una arosto, unawasha, unatulia, na unasema moyoni, "Bila hii nisingeiweza foleni." Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya utulivu ule ni kuondolewa kwa arosto iliyoachwa na sigara ya asubuhi. Foleni imesingiziwa.

Kwa hiyo sikubaliani na rafiki yako. Sigara tano zinatosha kuuzuia mwili usimalize kamwe kipindi cha kuachishwa. Kila asubuhi unaanza upya mateso ambayo ungeyamaliza mara moja. Na ni kama mtoto anayelilia pipi: ukimnyima siku nne na kumpa siku ya tano, hujampunguzia kilio, umemfundisha kwamba akilia vya kutosha atapata. Zaidi ya hayo, moyo hauhesabu kama tunavyohesabu sisi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ ulionyesha kwamba mtu anayevuta sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo anayobeba mvutaji wa sigara 20. Sikwambii hili kukutisha. Umefanya kazi nzito kutoka 20 hadi 5, nayo inastahili kumaliziwa.

Mkeo naye yuko sahihi kwa sehemu. Kama unaweza kuliacha gari siku mbili tatu za mwanzo, liache, au muombe mtu aliyezoea kuwa nawe akae kiti cha pembeni. Siku hizo ndizo arosto huwa kali zaidi na umakini hupungua. Lakini usilikimbie kwa mwezi mzima. Kutoliona gari hakuufundishi ubongo kitu. Siku utakaporudi utalikuta gari na sigara bado ni ndugu. Uhusiano huo hulegea pale tu injini inapowaka, foleni inapokuja, hamu inapopanda, na sigara isije.

Sasa tufanye nini?

Lifunge gari kabla ya kitu kingine chochote, ikiwezekana leo. Kuanzia sasa hakuna sigara inayowashwa ndani yake: si yako, si ya rafiki uliyempa lifti, si dirisha likiwa wazi, si gari likiwa limesimama. Usiseme "nitajitahidi". Ukiona huwezi kuacha zote siku hiyo hiyo, unayo wiki moja ambayo sigara, kama ni lazima, inavutwa nje ya gari: umeegesha mahali salama, umezima injini, umeshuka, umesimama mbali na gari. Bila simu, bila muziki, bila kuegemea mlango. Usiegeshe pembeni ya barabara kuu kwa ajili hiyo, subiri ufike. Utashangaa ni sigara ngapi zinakosa maana zikitenganishwa na usukani. Lakini wiki moja isiwe mwezi, maana eneo la kuegesha litageuka kimbilio jipya. Tarehe ya kuacha kabisa iwekwe leo, iandikwe, na mkeo aijue.

Siku ya kulifunga, lisafishe, na hapa usifanye haraka. Mvutaji wa muda mrefu hasikii tena harufu ya gari lake, lakini ubongo unaisikia. Masalia ya moshi huganda kwenye kitambaa cha viti, zulia, dari, mikanda, na kwenye vioo kwa ndani, ambako utaona utando wa rangi ya kahawia ukipitisha kitambaa cheupe. Masalia hayo pia yanawafikia wanao hata kama huvuti wakiwemo, kwa sababu nikotini iliyoganda huendelea kutoka polepole na kugusana na hewa na ngozi zao. Futa vioo na dashibodi, osha viti na zulia kwa sabuni, futa mikanda kwa urefu wake wote, badilisha chujio la hewa la ndani. Manukato ya kutundika kwenye kioo hayasaidii; yanaficha harufu tu, na kwa wengine yenyewe yamekuwa sehemu ya desturi ya kuvuta.

Kisha pekua. Chini ya viti, mifuko ya milango, kisanduku cha mbele, buti. Toa vipisi, viberiti, kisahani cha majivu. Zaidi ya yote tafuta sigara ya dharura. Karibu kila mvutaji dereva anayo moja, na anajiambia kwamba kuwepo kwake kunamtuliza. Rudi kwa wahudumu wa ndege: inayoweza kufikiwa ndiyo inayotamaniwa. Ile moja kwenye kisanduku inaufanya mjadala uwe wazi safari nzima. Itoe, ivunje, itupe ukiwa umesimama nje.

Baada ya hapo kaa nyumbani na karatasi, uipite njia yako kichwani. Safari ya dereva mvutaji ina vituo vyake, na kwa kawaida si vingi. Wewe una sigara mbili asubuhi, kwa hiyo huenda una vituo viwili tu: moja baada ya kutoka barabara ya mtaani, nyingine karibu na kazini. Jioni una vitatu, na ningeweka dau kwamba cha kwanza ni mara tu unapoketi na kufunga mlango, kabla hata ya kuondoka. Kile si cha barabara, ni cha kuvua kazi. Kwa kila kituo andika sentensi yenye sehemu mbili: nikifika hapa, nitafanya hivi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza kwa miaka mingi mipango ya aina hii, na nguvu yake iko katika ufinyu wake. "Nitakuwa imara" haikusaidii kwenye taa nyekundu. "Nikisimama kwenye taa ile, nitakunywa maji mkupuo mmoja na kushika usukani kwa mikono miwili" inakusaidia, kwa sababu uamuzi ulishafanyika ukiwa mtulivu.

Kwa kile cha kuvua kazi, usikitafutie mbadala garini. Kihamishie nje. Kabla ya kufungua mlango, tembea dakika tano kuzunguka eneo la kuegesha, au simama, vuta pumzi ndefu kwa pua na uitoe taratibu kwa mdomo mara kadhaa. Sehemu ya utulivu wa sigara ilikuwa pumzi ndefu tu, na hiyo hukatazwi. Ila usifanye zoezi la pumzi nyingi za haraka ukiwa unaendesha; unaweza kupata kizunguzungu.

Mkono na mdomo vinahitaji kazi, lakini chagua kwa usalama. Chupa ya maji inayofunguka kwa mkono mmoja ni nzuri. Chingamu ya kawaida ni nzuri. Njiti ya meno mdomoni siishauri hata kidogo. Ukifunga breki ghafla inaweza kukuumiza vibaya. Usichezee simu, hata ile programu ya kuhesabu siku zako bila sigara, ifungue ukishafika. Na kuna dawa ambayo watu wazima wanaona haya kuitaja: imba. Anayeimba kwa sauti anatumia mdomo, mapafu na akili kwa pamoja. Kama muziki uliokuwa ukiusikiliza unapovuta ni uleule kila siku, badilisha. Sikiliza mazungumzo au masimulizi. Badilisha pia vitu vidogo: sogeza kiti, ondoka dakika kumi mapema, na kama wewe ni wa kushusha dirisha kidogo upande wako, kwa wiki kadhaa lifunge hilo na ushushe la pili.

Hamu yenyewe ikija, usishindane nayo kwa hasira. Inapanda, inafika kilele, inashuka, mara nyingi ndani ya dakika chache, uvute au usivute. Gari lina faida hapa: unasonga. Chagua alama iliyo mbele, daraja au mzunguko, na ujiambie kwamba hadi pale huamui lolote. Ukifika pale, mara nyingi hakuna tena cha kuamua.

Umeuliza dawa. Zipo, na sioni sababu ya mtu aliyevuta miaka 17 kujikatalia. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuwasaidia watu wazima kuacha tumbaku, na dawa zilizopendekezwa ni bidhaa mbadala za nikotini (kama vibandiko na chingamu zenye nikotini), varenikilini, bupropioni na sitisini.

Kwa dereva, mimi huanza na kibandiko cha nikotini pamoja na chingamu ya nikotini. Viwili kwa pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja. Kibandiko kinabandikwa kwenye ngozi asubuhi na kutoa nikotini taratibu siku nzima, hivyo jioni huingii garini ukiwa mtupu. Chingamu ni ya vituo vyako, lakini wengi huitumia vibaya na kusema haifai. Si ya kutafunwa mfululizo. Itafune taratibu mpaka ladha kali itoke, iegeshe kati ya ufizi na shavu, ladha ikiisha tafuna tena, kwa muda wa dakika 30 hivi. Nikotini yake inapitia kwenye ngozi ya mdomo, si tumboni. Ukiitafuna haraka na kumeza mate utapata kwikwi na kichefuchefu. Usinywe kahawa, soda wala juisi dakika 15 kabla yake wala ukiwa nayo, kwa sababu asidi inazuia nikotini kupita. Na kwa kuwa inachukua dakika nyingi kufanya kazi, ianze dakika 15 hadi 20 kabla ya kuwasha gari, si ukiwa tayari umekwama kwenye foleni ukitetemeka. Zipo za miligramu 2 na 4. Anayevuta sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka kwa kawaida hupewa za 4. Mfamasia atakupimia kiasi cha kibandiko pia. Mwambie ulikuwa unavuta ngapi na sasa unavuta ngapi.

Varenikilini huanzwa kwa kawaida wiki moja kabla ya tarehe ya kuacha. Ni dawa nzuri, lakini baadhi ya watu huwapa kichefuchefu, kizunguzungu au usingizi, kwa hiyo usiendeshe mpaka ujue inakufanyaje. Bupropioni haipewi mtu aliyewahi kupata degedege au kifafa, na kwa mtu wa usukani hilo ni la kumweleza daktari wazi wazi. Kama una maradhi ya moyo, kisukari cha kutumia insulini, au unatumia dawa za akili kama klozapini na olanzapini, muone daktari kabla ya tarehe yako, maana kuacha sigara kunaweza kubadilisha kiasi cha dawa unachohitaji.

Sigara za kielektroniki je? Zipo tafiti zinazoonyesha zimewasaidia baadhi ya watu kuacha za kawaida, sitazikana. Kwa tatizo lako hasa siziafiki. Mkono unabaki unakwenda mdomoni kwenye kituo kile kile, na wingu la mvuke mbele ya macho ya dereva ni hatari.

Jambo ambalo watu wachache huambiwa ni kahawa. Moshi wa sigara huliamsha ini liiondoe kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linapunguza kasi, na vikombe vile vile ulivyozoea vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Matokeo ni mapigo ya moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kukatika, na hasira ya kufika kazini umefura. Mtu anadhani ni arosto na kurudi kwenye sigara, kumbe ni kahawa. Wiki ya kuacha, punguza kwa nusu.

Ukiteleza ukavuta moja, usiivute safari iliyobaki yote kwa sababu "leo imeshaharibika". Egesha mahali salama, toa zilizobaki, na safari inayofuata iwe ya kawaida. Ukifika andika ilikuwa kituo gani na nini kilitangulia. Mara nyingi utakuta ni kituo ambacho hukukiandikia sentensi.

Ndiyo maana safari yako ya saa saba tuitazame kwa makini. Ubongo hujifunza kuacha mahali ulipofanyia mazoezi. Mtu anaweza kuwa ameshinda njia ya kazini kwa wiki kadhaa, kisha akaanguka kwenye barabara asiyoizoea, usiku, au kwenye gari la kukodi, kwa sababu pale sigara haijawahi kukosekana. Kwa hiyo kabla ya mwezi ujao, fanya safari fupi za aina nyingine bila sigara: usiku, kwenye mvua, njia ngeni, saa moja nje ya mji. Siku ya safari, simama kila baada ya saa mbili, lakini ujue kabla ya kusimama utafanya nini, kwa kuwa kituo cha mafuta ndicho kituo chako kipya. Jaza mafuta, jongea mbali na wanaovuta, tembea, kunywa maji, nenda msalani, ondoka. Ukisinzia, tiba yake ni kuegesha mahali salama na kulala dakika 15 au 20. Usiruhusu usingizi ukudanganye kwamba unahitaji sigara ili uwe macho. Beba chingamu za nikotini za kutosha kwenda na kurudi, na kibandiko cha kesho yake.

Na kama tarehe yako ya kuacha itaangukia ndani ya wiki moja kabla ya safari hiyo, usiiahirishe tarehe. Isogeze safari, au utafute mtu wa kwenda naye.